Unyoya wa Kanga Katikati ya Kitabu

Nyanya yangu alianza kupoteza macho wakati mimi nikiandika tasnifu yangu ya chuo kikuu kuhusu historia ya kusoma. Hakuna aliyeniambia. Kwetu Iyolwa, mashariki ya Uganda, mtu anayekaribia mtihani hapigiwi simu ya habari mbaya. Anaachwa amalize, kisha aje aione mwenyewe. Nilifika na begi langu mgongoni nikamkuta ameketi kibarazani, kitabu kimefunguliwa magotini, kichwa ameinamisha. Nikasimama kimya nisimkatize. Mara kuku akaja mbele yake, akanyoosha shingo, akaudonoa ukurasa. Nyanya hakumfukuza. Huyu ni mwanamke ambaye alijulikana kijiji kizima kwa kurusha kandambili, na hakuwa akikosa.

"Nani amesimama hapo kama mwizi?" aliuliza.

"Ni mimi, nyanya."

"Mimi nani? Hata mchawi akibisha hodi husema ni mimi."

"Ni mume wako."

Akacheka. Kwetu nyanya humwita mjukuu wa kiume mume wake, na mjukuu hujibu mzaha huo hadi mmoja wao afe. "Mume gani anakuja bila sukari," alisema. "Nasikia huo mfuko ulivyotua. Hauna kitu." Kisha akapapasa ukurasa mpaka vidole vyake vikagusa unyoya wa kanga uliolala katikati ya kitabu. "Umekuja wakati mzuri. Nimekwama hapa."

Kitabu chenyewe ni Maandiko ya Kiganda, jalada jeusi, mgongo umebanduka na kushonwa tena kwa uzi wa gunia. Nyanya si Mganda. Ni Mpadhola, na hawezi kuomba hata chumvi kwa Kiganda bila kuchekwa. Lakini dini ilifika kwetu ikiletwa na walimu kutoka upande wa Buganda, na kitabu kikaja kwa lugha yao. Mtu aliyeingia dini siku hizo aliitwa msomaji, hata kabla hajaijua herufi moja. Kusoma na kusali havikutenganishwa. Ndipo wasomaji wa kwetu wakajifunza kazi moja ya ajabu: macho yanasoma Kiganda, mdomo unatoa Kidhopadhola, lugha yetu. Nyanya aliifanya kazi hiyo maisha yake yote. Jioni wanawake wa jirani walikuja na karanga zao za kumenya. Yeye aliupitia mstari kimya, midomo ikitikisika kidogo, kisha akainua uso na kuugeuza kwa lugha yetu, kwa sauti ya mtu anayesimulia jambo aliloliona asubuhi kisimani. Akarudi kwenye mstari. Akainua uso tena. Hiyo ndiyo iliyoitwa kusoma. Mengine yote, kwa maneno yake, yalikuwa kutazama karatasi.

Na kazi hiyo ilikuwa na sheria. Msomaji haruki. Anaanza mwanzo, anafuata, na anapoachia anaweka unyoya wa kanga. Siku ya maziko yake kitabu huletwa uani. Mtu wa damu yake hukifungua penye unyoya na kuendelea mbele ya waombolezaji, aya chache tu, ionekane kwamba kazi haikukatika. Lakini msomaji aliyefika mwisho huzikwa bila unyoya, na watu hulizungumzia jambo hilo kwa miaka. Nyanya alikwisha kufika mwisho mara moja, ujanani. Alikataa kuihesabu safari hiyo. Alikuwa akisoma, alisema, kama anayekimbizwa na mbwa. Safari ya pili aliiachia katikati, mimi nikiwa bado mtoto, kisha akaanza upya.

"Nifikishe mwisho," aliniambia siku hiyo kibarazani. "Wewe una macho, na hiyo shahada unayo. Sitaki kuzikwa na unyoya."

Nilisema ndiyo upesi, kama mtu anayeogopa kuulizwa swali la pili. Sikumwambia kwamba mimi mwenyewe siku hizi siwezi kusoma.

Sina ugonjwa wa macho. Naziona hata zile herufi ndogo kabisa za pakiti ya dawa. Lakini nikifungua kitabu, mstari wa kwanza unaniuliza swali, swali linazaa wasiwasi, wasiwasi unanikumbusha simu, na simu inanikumbusha kazi nilizoomba ambazo hazikujibiwa. Nikirudi kwenye mstari ni kama nimerudi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama. Nilianza kuwa hivi mwaka wa mwisho chuoni. Nilisoma mbio ili niandike, nikaandika ili nipewe alama, na mahali fulani katika mbio hizo kitu kilianguka njiani nami sikugeuka kukiokota. Sijui ni wapi. Nimekitafuta sana, na labda kutafuta huko ndiko kunakokifukuza.

Na mambo ya kusoma niliyajua, hilo sikatai. Nilijua kwamba kati ya mito miwili ya kale watoto walijifunza kuandika kwenye vidonge vya udongo mbichi, mwalimu upande mmoja na mtoto upande wa pili, na mkono wa mtoto ukitetemeka unaonekana mpaka leo. Nilijua kwamba kwa karne nyingi watu walisoma kwa sauti, na kwamba aliyesoma kimya alitazamwa kama mtu anayekula gizani. Nilijua Wayahudi waliopaka asali juu ya herufi za kwanza ili mtoto azilambe. Nilijua kombe la watu wa pwani: aya inaandikwa kwa zafarani kwenye sahani, inaoshwa, mgonjwa anakunywa. Nilijua viwanda vya sigara ng'ambo ya bahari ambako wafanyakazi waliweka msomaji juu ya kiti kirefu awasomee huku wakisokota tumbaku, na watumwa waliochapwa kwa kukutwa na kitabu. Nilijua hata Wajapani wa zamani waliotazama maandishi ya Kichina na kuyatamka kwa Kijapani, macho yakiruka mbele na nyuma kwenye mstari. Na nilijua watu wa kale ambao msomaji wao alisoma kwa lugha ya kitabu, kisha mtu mwingine akasimama kando yake akiyageuza kwa lugha ya nyumbani. Huyo wa pili alikatazwa kuyatazama maandishi, watu wasije wakadhani maneno yake nayo yameandikwa.

Mhadhiri wangu alifurahia sana sehemu hiyo. Nami niliiandika nikiwa maktabani Kampala, sikumkumbuka nyanya hata kidogo, kama mtu anayeuliza njia ya kwao akiwa ameegemea mlango wao.

Jioni ya kwanza nilikichukua kitabu, nikauondoa unyoya, nikaanza kuupitia ukurasa ili nielewe kabla sijafungua mdomo. Kiganda changu ni cha mitaani Kampala, cha kupatana bei na kutukanana na madereva. Kiganda cha kitabu ni kingine. Nilisoma, nikarudia, nikatoa simu kutafuta neno, nikarudia tena. Wanawake walimenya karanga. Nyanya alisubiri, uso ameuelekeza kwangu.

"Mume wangu," alisema baadaye, "umelala?"

"Nasoma, nyanya."

"Unasomea nani?"

Swali hilo nilikwenda nalo Busia. Siku za juma huwa niko huko, upande wa Uganda, kwenye kibanda cha binamu yangu karibu na mpaka wa Kenya. Tunachaji simu, tunabadilisha vioo vilivyopasuka, tunatoa kopi. Na mimi nina kazi moja zaidi ambayo haikupangwa na mtu: akina mama wanaovuka na bidhaa huniletea simu zao niwasomee meseji. Alhamisi ya juma hilo alikuja muuza omena mmoja, wale dagaa wa ziwani, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara.

"Kijana ya yunivasiti, nisomee hii. Bwana yangu ametuma."

Niliipokea simu nikaanza kuisoma kimya kwanza, nijue kama ina jambo la kumwaibisha mbele ya watu. Ndivyo nilivyo. Hata meseji ya mtu naipima kabla sijaiachia. Alininyang'anya.

"Wewe nasoma na tumbo? Meseji ni yangu, wewe nakula peke yako!"

"Mama, nilikuwa naangalia tu kama..."

"Kama nini? Kama nimeachwa? Kama nimeachwa, sema tuachwe wote hapa!"

Wenzake wakapasuka kwa kicheko. Nikasoma kwa sauti. Mumewe alikuwa akiuliza jembe liko wapi.

"Rudia hapo."

"Jembe liko wapi."

"Hapana. Soma kama yeye. Yeye hasemi taratibu hivyo kama padri. Yeye nakuwa na hasira."

Nikasoma kwa hasira. Akafumba macho, akatikisa kichwa, akaridhika. "Sasa nimemsikia," alisema, akaitia simu kifuani na kwenda zake. Hakuniambia nimjibu nini. Nilikaa nikijiuliza jembe lilikuwa wapi, na kama ndoa ile ilikuwa salama, na kwa nini nyanya yangu na mwanamke huyu asiyemjua walinikemea kwa kosa lile lile. Mpaka tunafunga kibanda nilikuwa bado najiuliza.

Ndipo nikapata wazo ambalo wakati ule lilionekana la busara. Tororo mjini kuna duka dogo la vitabu vya dini, rafu zake zina vumbi jeupe la simenti ambalo kila asubuhi hufutwa na kila jioni limerudi. Nilikwenda nikanunua Maandiko yaliyotafsiriwa kwa Kidhopadhola. Nilijiona mwerevu. Kazi yote ilikuwa imeshafanywa! Sikuwa na haja ya kugeuza chochote. Ningesoma tu, vizuri, kwa sauti, nyanya afike mwisho wake kabla ya mvua za pili.

Jumamosi nilisoma bila kukwama hata mara moja. Nilikuwa na sauti nzuri. Nilianza hata kuipenda. Kisha nikaona mjane mmoja wa jirani, ndiye anayempikia nyanya, ameacha kumenya.

"Huyo anayeongea ni nani?" nyanya aliuliza.

"Ni kitabu, nyanya. Ni kile kile, kwa lugha yetu."

"Nani amekigeuza?"

"Wataalamu. Watu waliosomea kazi hiyo."

"Walikuja hapa?"

"Hapana, nyanya."

"Wanatujua? Wanajua huyu mjane ni kiziwi wa sikio la kushoto?"

"Mimi si kiziwi," mjane akasema. "Nyinyi ndio mnaonong'ona."

"Basi wamemgeuzia nani?" Nyanya alinyoosha mkono, akakigusa kitabu kipya, akaupitisha kidole juu ya mgongo wake mnyoofu usio na uzi wa gunia. "Na wewe hapo umefanya kazi gani? Nimekuambia unipikie, umekwenda kwa jirani na sahani."

Najua alikosea. Barabarani nikirudi Busia, juu ya boda boda, tukipita Buteba kwenye mashamba ya mihogo, nilimjibu kichwani kwa hoja nzuri sana. Nilimweleza heshima ya mtu kusoma kwa lugha aliyonyonyeshwa nayo. Nilimweleza watu walioteswa katika nchi nyingine ili kitabu kitoke kwenye lugha ya wakubwa kiingie jikoni. Alikuwa akikataa kwa kiburi kitu ambacho wengine walikililia. Lakini hoja zangu zilikuwa zikizunguka jambo moja bila kuligusa. Kwake kusoma hakukuwa jambo la kufika kwenye maana. Ilikuwa kazi ambayo mtu mmoja anaifanya kwa mdomo wake kwa ajili ya watu walioketi pale, na kama hakuna aliyeifanya, hakuna kilichosomwa. Nilikuwa na shahada ya historia ya kusoma, na sikuwahi kukutana na kusoma kwa namna hiyo isipokuwa kwenye tanbihi.

Basi nikarudi kwenye kitabu cheusi na kuanza kugeuza mwenyewe.

Sijawahi kufanya kazi iliyonichosha hivyo. Neno moja la Kiganda lilinifungulia milango mitano ya Kidhopadhola, nami nikasimama uwanjani nisijue niingie upi. Nikichagua, nilijuta. Nikijuta, nilirudi kurekebisha, na waliokuwa wakisikiliza walipotea. Wakati mwingine ukurasa mmoja ulitumaliza jioni nzima. Nilimsikia mjane akiwaambia wenzake langoni, "Kijana huyu anasoma kama mtu anayejitoa miiba mguuni." Hakuwa na ubaya. Lakini Jumamosi iliyofuata mmoja wao alikuwa na mgonjwa, mwingine alikuwa na mgeni, na baada ya hapo hawakutafuta tena sababu. Alibaki mjane peke yake, kwa kuwa chungu kilikuwa kikimngoja jikoni hata hivyo.

Niliendelea kwa ajili ya nyanya, na kwa ajili ya kitu kimoja changu mwenyewe. Mbele kidogo ya pale penye unyoya, watu wa kitabu wanafika mtoni na kuvuka. Nilikuwa nikiungojea mto huo. Nilipokuwa mtoto, nimelala kwenye mkeka miguuni pa nyanya, nilisikia hapo habari ya mwanamke mmoja. Watu wote wamekwisha kuvuka, amebaki yeye. Kichwani ana chungu, na ndani ya chungu amebeba makaa ya jiko la nyumbani kwake, ameyafunika kwa majivu, kwa sababu hakuna ajuaye kama ng'ambo kuna moto. Maji yanamfika kiunoni, yanamfika kifuani. Watu wanamwita kutoka ukingo wa pili, tupa chungu, shika kamba! Naye anawajibu, nikitupa, usiku mtakula nini, mtakula unga mbichi? Maji yanamfika kidevuni. Anavuka. Anaketi mchangani, anafunua majivu, anapuliza, na jicho jekundu linafunguka ndani ya chungu.

Hilo jicho jekundu ndilo lililonifanya nipende vitabu. Sitanii. Nilipojifunza herufi nilijifunza nikidhani kwamba ndani ya kila kitabu kuna mtu anapuliza makaa. Hata chuo, hata tasnifu, hata huu uharibifu wangu wa sasa, chanzo chake ni pale.

Tukafika mtoni. Watu walivuka. Hapakuwa na mwanamke.

Nilidhani nimeruka mstari. Nikarudia. Nikatafuta kila neno nisilolijua kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Jumatatu nilikwenda Busia na kitabu, nikamwomba mteja mmoja Mganda anisomee kurasa zile, akasoma, akaniangalia kwa huruma. Nikafungua hata kile kipya cha Kidhopadhola nilichokifungia kwenye begi. Mto upo. Watu wapo, mizigo ipo. Chungu hakipo, moto haupo, na hakuna mwanamke.

Jumamosi nikamuuliza. "Nyanya, yule mwanamke aliyevuka mto na moto kichwani, ulimtoa wapi?"

"Mwanamke gani?"

"Aliyebeba makaa kwenye chungu. Ulikuwa ukitusomea."

Alifikiri. Niliona kwamba anafikiri kwa bidii, uso wote umekunjamana. "Mimi sikusoma habari ya chungu," alisema. Kisha akaniuliza kama mbuzi wameingia. Mbuzi waliuzwa zamani kulipia karo yangu ya chuo. Nikamjibu kwamba wameingia, na baada ya kitambo akaniuliza tena.

Ndipo nilipojua kwamba macho hayakuwa yakiondoka peke yake.

Sijui alimtoa wapi. Labda alikutana na neno gumu la Kiganda hapo mtoni akalijaza kwa mtu anayemjua. Labda mwanamke yule ni mama yake. Labda ni yeye mwenyewe, katika miaka ile watu wa kwetu walipokuwa wakivukia Kenya na magodoro kichwani. Nimeyafikiri yote hayo mpaka nimeyachakaza, na hakuna wa kuniambia. Lakini jambo moja nimeliona, na tangu nilione sina raha na shahada yangu. Historia yote niliyoisoma imetengenezwa kwa vitu vilivyobaki: udongo, ngozi, karatasi. Yule mtu wa kale aliyesimama kando ya msomaji akigeuza bila kutazama maandishi, tunajua kwamba alisimama pale. Alichokisema jioni fulani, mbele ya watu fulani, mpaka mtoto mmoja akakosa usingizi, hakuna akijuaye. Nyuma ya kila kitabu kulikuwa na midomo kama hiyo mahali kote, Japani, kwenye viwanda vya sigara, Iyolwa, na yote imefungwa. Tulichobaki nacho ni maganda. Nami nimepewa cheti kwa kuyapanga maganda vizuri.

Nikaamua kumrudisha. Jioni moja nyanya alilalamika kwamba alisinzia tulipofika mtoni, akataka turudie. Mjane alikuwepo na ungo wake. Nikasoma mpaka mahali pale, nikainua uso kutoka kwenye ukurasa kama alivyokuwa akifanya yeye, nikaendelea. Nikamtia mwanamke majini. Nikakiweka chungu kichwani. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile sauti yangu haikuwa na miiba. Sikuchagua neno, maneno yalikuja yenyewe, yale yale ya mkekani. Maji yakamfika kiunoni, yakamfika kifuani. Nilisikia mjane ameacha kupepeta. "Eh," alisema taratibu.

Nyanya akainua mkono.

"Hiyo haimo."

"Nyanya, wewe ndiye uliyekuwa ukiisoma."

"Haimo! Mimi nimekisoma kitabu hiki kabla mama yako hajazaliwa. Usinidanganye kwa sababu sioni. Siku ile uliniletea sahani ya jirani, leo unanipakulia hewa?"

"Sidanganyi, nyanya. Nakuapia."

"Soma kilichoandikwa."

Nilimgeukia mjane. Aliketi hapo jioni zote zile, miaka na miaka, alikuwa shahidi wangu wa pekee duniani. Alinitazama, kisha akamtazama nyanya, namna alivyokuwa ameukaza uso wake usioona, na machozi ya hasira yakimlengalenga. Akainamia ungo wake. "Soma kilichoandikwa, mwanangu," alisema.

Nikasoma kilichoandikwa. Watu walivuka, wakafika ng'ambo.

Nilimfuata mjane mpaka langoni. "Wewe unamkumbuka, mama? Yule mwanamke?"

Alisimama na ungo kiunoni. "Nakumbuka sauti," alisema. "Nyanya yako alikuwa na sauti hapo mtoni, mtu anasahau nyumbani kuna ugali. Maneno sikumbuki. Nilikuwa namenya karanga."

Sasa nasoma kilichoandikwa tu. Nimekuwa mwepesi kidogo, au labda nimeacha kujali ni mlango upi naingilia. Nimejaribu kumwandika yule mwanamke kwenye karatasi, kama nilivyomwandika hapa, kwa Kiswahili cha shule, na anakaa vibaya. Ameketi mchangani kama mgeni aliyepewa kiti na hakuna anayemwongelesha. Nikijisomea kimya haonekani kabisa. Nikijisomea kwa sauti nasikia sauti yangu.

Nyanya haniulizi tena tumefika kwenye habari gani. Anauliza kitu kimoja. Kila jioni nikimaliza huomba kitabu, akaweka dole gumba kwenye unyoya na kidole cha shahada kwenye jalada la nyuma, akazibana kurasa zilizobaki.

"Bado nene," husema.

"Zinapungua, nyanya."

"Hazipungui. Mimi ndiye ninayepungua." Na ni kweli, kidole chenyewe kimekuwa chembamba, pete ya ndoa ameivua na kuifungia kwenye pindo la kanga yake isipotee. Jumamosi iliyopita aliongeza jambo jipya, huku bado amekibana kitabu. "Nakuhurumia, mume wangu. Wewe ndiye utakayesimama uani."

Nilimwambia asiseme hivyo, tutafika. Alikuwa amekwisha kuniambia nisimdanganye.

Siwezi kujiandaa, kwa sababu sijui unyoya utakuwa wapi siku hiyo. Kwa hiyo nimejiwekea tabia. Kila jioni, kabla sijaurudisha unyoya, naitazama ile aya inayofuata, ambayo huenda ndiyo. Naipitia kimya, kwa tumbo, kama angesema yule muuza omena. Najiuliza kama naweza kuisoma kwa Kiganda, nikainua uso, nikaigeuza kwa lugha yetu mbele ya watu wa Iyolwa waliosimama, naye amelala hapo katikati, bila sauti yangu kukatika. Mpaka sasa sijaiona aya hiyo. Nafunga kitabu, namrudishia magotini, nakwenda kuhakikisha kwamba mbuzi wameingia.